Kilango cha Kabureta

Kila nikitoka shule nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono na kwenda kwenye meza ya babu. Babu alikuwa fundi saa mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Helikopta ndogo ya kurushwa kwa rimoti aliiunda kwa miaka miwili, na alishasema wazi kuwa hataunda nyingine. Kazi moja tu ilimshinda: kufunga kiwaya kati ya kabureta ya injini na servo, yaani kile kimota kinachotii rimoti.

"Bi Haraka," alianza. Ndivyo alivyoniita tangu nilipojua kutembea. "Kijiti cha rimoti kikishuka mpaka chini, kilango cha kabureta kinachopitisha hewa na mafuta kifunge kabisa, injini izime. Usalama wote uko hapo."

Nilikifunga kiwaya, nikashusha kijiti, nikachungulia. Ulibaki uwazi mwembamba kama ukucha. Ilibidi nichomoe kiwaya, nikifupishe kwa kuzungusha ncha yake mara mbili, kisha nikirudishe. Huko nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba na kuniita.

"Kimefunga?" babu akauliza kutoka kitini.

"Kimefunga."

Hakuja kukagua. Aliniamini, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi tulikwenda uwanjani, mimi, babu na mama. Helikopta ilipaa, babu akacheka peke yake. Alipoitua, alishusha kijiti mpaka mwisho, lakini injini haikuzima. Helikopta ikarukaruka, ikalala ubavu, mapanga yake yanayozunguka yakapiga chini na mkia ukakatika. Hakuna aliyeumia.

Babu aliitazama mikono yake. "Ni hii imeniangusha," akamwambia mama. "Basi, imetosha."

Mimi niliinama nikaokota mkia.

Kesho yake nilimkuta anapanga bisibisi zake ndogo sandukuni, moja moja, azigawe. Nilishindwa kuvumilia.

"Babu, si mikono yako. Kilango hakikufunga. Nilikiona, nikakudanganya."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoa bisibisi moja na kuisukuma mbele yangu. Tuliifunga injini na servo yake kwenye ubao, nikakichomoa kile kiwaya.

"Kimefunga?"

"Bado, babu."

Nikazungusha ncha mara moja. "Sasa?" babu akauliza.

"Bado kidogo."

Nilizungusha tena, kisha nikamshika kidole nikakiweka penye kilango, aguse mwenyewe. Tuliiwasha injini. Aliposhusha kijiti, ilizima papo hapo.

"Siku ile ungeniambia 'bado'," alisema, "ningekungoja hata mwezi mzima. Kazi ambayo haijaisha haina aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kusema imeisha. Anayekuamini hakagui, ndiyo maana uongo wako ulimpata yeye kwanza."

Nililia, naye akaniacha nilie.

Helikopta haikuruka tena. Iko juu ya kabati, mkia umefungwa kwa uzi. Lakini jioni ile babu alizitoa bisibisi zote sandukuni, akazirudisha mezani.