Ufunguo wa Kukazia

Rafiki yangu seremala si mtu wa kuongeza chumvi, ndiyo maana nilimwamini. Alinunua mashine kuukuu ya kukerezea chuma kwa mjane wa fundi.

"Mdogo wangu, ufunguo wa kukazia chuma usiuache umechomekwa kwenye mashine," mjane alimwonya. "Mume wangu aliusahau, akawasha, ukaruka ukampasua kichwa."

Rafiki yangu aliisugua kutu wiki nzima. Siku ya kuijaribu, ufunguo aliutia mfukoni, akafunga zipu. Mashine ikanguruma, mara umeme ukakatika. Stoo alimoiweka haina dirisha, naye kwa ugeni wa kazi hakuzima swichi ya mashine. Gizani akasikia chuma kikikazwa: kri, kri, kri. Akapapasa mfuko. Zipu imefungwa, ndani hamna kitu. Akanyoosha mkono kwenye mashine. Ufunguo ulikuwa umechomekwa, mpini wake umelowa jasho, na jasho lenyewe bado lina joto.