Ndizi Mbivu na Sukari ya Ggaba

Augustin alikuwa fundi viatu huko Kawempe. Kila asubuhi aliweka kigoda mbele ya nyumba, akapanga nyundo, gundi na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Mkewe, Séraphine, alifagia uwanja, kisha akachemsha chai. Waliinywa chungu. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, na sukari ilikuwa imeadimika Kampala nzima.

Walikuwa Wakongo kutoka Bukavu. Huko ndiko walikofunga ndoa, tarehe kumi na nne Februari, Siku ya Mtakatifu Valentino. Masista waliomsomesha Séraphine walimwambia kuwa hiyo ni siku ya wapendanao. Basi kila mwaka, siku hiyo, Augustin alimletea mkewe kitu kitamu kutoka maduka ya mjini. Mara biskuti za kopo, mara chokoleti. Hata walipokimbilia Kampala hakuacha. Kisha maduka mengi yakafungwa, rafu zikabaki tupu, na mwaka mmoja siku hiyo ikapita bila kitu.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya tarehe hiyo, Séraphine alimwona jirani yake Faridah amebeba kopo la biskuti. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mume wa Faridah amemletea biskuti," alisema.

"Mume wa Faridah anaendesha lori la jeshi," Augustin alijibu. "Duka lao si duka letu."

"Kila siku una sababu. Wanaume wenzako wanaleta sukari. Wewe unaleta harufu ya gundi."

Augustin alipigilia msumari mmoja, akaweka nyundo chini. Séraphine aliona kuwa neno limemchoma. Angeweza kuomba radhi papo hapo. Lakini aligeuka, akaenda kuanika nguo.

Kesho yake Augustin alipanda baiskeli, akasema anakwenda kutafuta uzi wa kushonea. Hakwenda kutafuta uzi. Alikuwa amesikia kwamba huko Ggaba, pwani ya ziwa, mitumbwi inaleta sukari ya magendo. Siku hizo mtu akikamatwa na magendo, ni Mungu tu anayejua atakakopelekwa.

Jioni hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu muuza samaki mmoja alimletea Séraphine habari: wanajeshi walizingira soko la Ggaba, wakawachukua wote waliokutwa na bidhaa, Augustin akiwa miongoni mwao. Séraphine alikwenda Ggaba. Alikwenda kituo hiki na kile. Kila mahali aliambiwa, "Hayupo hapa, mama. Nenda nyumbani."

Tarehe kumi na nne ilipita. Alikaa peke yake mlangoni, na neno lake mwenyewe likimrudia.

Siku ya kumi na moja Augustin alirudi kwa miguu. Baiskeli haikuwapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha shati.

"Waliniambia niweke mkono chini, nikiwa bado nimeshika mfuko wa sukari," alisema. "Wakaupiga mkono kwa kitako cha bunduki. Sukari yote ilimwagika."

Séraphine aliuosha ule mkono, akalia.

Mganga wa zahanati alisema wamechelewa. Mifupa ilikuwa imeanza kuunga vibaya. Vidole viwili vilibaki vimepinda, na Augustin hakuweza tena kushika msharasi. Kigoda chake kikawa cha kukalia tu.

Jirani wa upande wa pili alikuwa mama wa kabila la Lango, kutoka kaskazini, aitwaye Ayot. Mtaani wote walimwita Mama Ogwal, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Zamani alikuwa akifundisha akina mama mapishi na kazi za mikono. Siku moja alileta uji, akamkuta Séraphine nyuma ya nyumba, amekaa karibu na mgomba.

"Ni mimi niliyemtuma," Séraphine alisema. "Sikumwambia nenda. Lakini ni mimi."

Mama Ogwal aliketi kando yake.

"Mume wangu, Odoch, alipenda sana vitufe vya simsim," alisema. "Asubuhi moja aliniomba nimtengenezee. Ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia nina kazi, asubiri Jumapili. Akaenda kazini. Huu ni mwaka wa nne, hajarudi."

Kisha Mama Ogwal akainua macho, akautazama mkungu juu yao. Ndizi zilikuwa zimeiva sana. Nyingine zilikuwa zimeanguka na kuliwa na ndege.

"Hizi unazifanyia nini?"

"Tunakula chache. Nyingine zinaoza."

"Mwanangu, hizi ni ndizi sukari. Jina lenyewe linakuambia."

Séraphine alizitazama. Mumewe alikuwa amevunjwa mkono kwa ajili ya kitu kitamu, na utamu ulikuwa ukioza nyuma ya nyumba yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumamosi Mama Ogwal alimwita jikoni kwake.

"Leo tunapika kabalagala, vitumbua vyetu vya ndizi," alisema. "Kwanza nawa mikono. Chagua ndizi zenye madoa meusi kwenye ganda. Zisizoiva vizuri hazina utamu."

Séraphine alimenya ndizi, akaziponda kwa mwiko.

"Nitie maji?"

"Hata tone. Maji yataharibu. Ndizi zina maji yao. Sasa tia unga wa muhogo, kidogo kidogo, huku unakanda. Unga uwe wa muhogo uliokaushwa vizuri, maana muhogo mchungu usiotengenezwa unadhuru."

"Nitajuaje kuwa unga umetosha?"

"Donge halitanata mkononi."

Walilisukuma donge likawa nene kama kidole, wakalikata vipande vya mviringo kwa mdomo wa kikombe. Mafuta pia yalikuwa ya shida, kwa hiyo Mama Ogwal alipaka kikaango kidogo tu.

"Punguza makaa," alisema. "Ndizi huungua upesi. Geuza, geuza tena. Ukibonyeza katikati ukaona si pabichi, toa."

Kisha akamwonyesha vitufe vya simsim, ile mbegu ambayo wengine huiita ufuta. Waliiosha kuondoa mchanga, wakaianika, wakaikaanga bila mafuta mpaka ikaanza kuruka na kunukia. Walichemsha asali kwa moto mdogo. Mama Ogwal alidondosha tone moja kwenye maji baridi. Tone liliposhikamana, alimimina simsim ndani ya asali, akakoroga.

"Ngoja ipoe kidogo, isikuunguze. Lowesha viganja. Viringisha."

Séraphine aliviringisha kitufe cha kwanza, akakionja. Kilikuwa kitamu.

"Na zawadi?" aliuliza baadaye. "Siku yetu ikifika tena nimpe nini? Sina kitu."

"Mtazame," Mama Ogwal alisema. "Zawadi ya kutengeneza mwenyewe huanza kwa kumtazama mtu. Ona anachokosa."

Séraphine alimtazama mumewe kwa siku nyingi. Aliona jinsi anavyojaribu kushika msharasi akidhani hakuna anayemwona, na jinsi unavyomponyoka. Basi akaokota mabaki ya ngozi na vipande vya gunia. Alishona kifuko cha kuvaa kiganjani, ndani akaweka pamba ya mto wa zamani. Akashonea mfuko mdogo wa kuingiza mpini wa msharasi, na mikanda miwili ya kufungia kwenye kifundo cha mkono. Cha kwanza kilibana. Alikifumua, akaanza upya. Sindano ilimchoma mara nyingi.

Tarehe kumi na nne Februari ilipofika, baada ya chai ya asubuhi, aliweka mezani sahani ya kabalagala na vitufe vya simsim. Kando yake aliweka kile kifuko.

Augustin alikula. Kisha akakivaa kifuko, mkewe akamfungia mikanda. Alichukua soli kuukuu, akajaribu kutoboa. Msharasi uliteleza. Akajaribu tena, ukateleza. Mara ya tatu ulipenya.

"Taratibu," alisema. "Lakini itawezekana."

"Baba," Séraphine alisema, "lile neno la gundi. Mwaka mzima nimelibeba."

Augustin aliutazama mkono wake.

"Liliniuma," alisema. "Sitakudanganya. Lakini Ggaba nilikwenda mwenyewe. Nilidhani bila sukari sina cha kukupa."

Akachukua kabalagala moja, akaimega vipande viwili, akampa mkewe kimoja.

Tangu siku hiyo Augustin alirudi kwenye kazi yake. Alimaliza jozi moja kwa muda ambao zamani angemaliza tatu, lakini alimaliza. Séraphine naye akaanza kumsaidia Mama Ogwal kufundisha. Kila Jumamosi wanawake walikusanyika barazani, Wakongo, Wanubi, Waganda. Faridah pia alikuja, maana biskuti za jeshi nazo zilikuwa zimekwisha. Idd ilipofika, na Krismasi ilipofika, nyumba nyingi za mtaa ule zilinukia ndizi na asali. Hakuna mume wa mtaa ule aliyekwenda tena ziwani kutafuta sukari.

Kila darasa jipya lilipoanza, kabla ya kumenya ndizi ya kwanza, Séraphine aliwaeleza wanawake neno alilomwambia mumewe, na yaliyofuata. Hakupunguza kitu.

Siku moja mwanamke aitwaye Rukiah alimuuliza, "Na mkono wake ulipona, nyabo?"

"Anashona," Séraphine alijibu. "Lakini haukupona."

Séraphine akainama, akavuta beseni la ndizi karibu, akawagawia moja moja wamenye.