Printa ya Kijivu

"Ipi kati ya hizi inatoa kijivu kizuri?"

Chizuru ndiye aliyeuliza, ghorofa ya tatu ya duka la vyombo vya umeme, Sendai, Novemba ikiyoyoma. Muuzaji Kudo, mtu wa makamo mwenye kizibao chekundu cha duka, alikuwa katikati ya maneno yake matamu ya biashara. Akakwama.

"Kijivu, dada?"

"Kijivu. Cha kupauka."

Kudo akamgeukia Tetsuro, mume wa Chizuru. Tetsuro akajibu huku akiangalia viatu vyake.

"Tunachapa kadi za mwaka mpya tu, kaka. Farasi, mnyama wa mwaka ujao, maua, rangi za kung'aa. Endelea."

Msimu wa kadi ukifika, Kudo hushuhudia ugomvi wa wanandoa kila siku mbele ya printa zake. Akaendelea kama hajasikia kitu.

"Hii ndogo ni rahisi kununua, lakini wino wake utawatafuna mpaka mjute. Hii ya tangi bei imesimama, ila mnajaza wino kwa chupa na mnasahau mwaka mzima. Kwa mwenye kiofisi nyumbani, ningemwambia achukue hii bila kufikiri. Sasa zote mbili ni za rangi nne. Kijivu zinakichanganya zenyewe, kinatoka na ukijani. Hii ya tatu ni ya picha. Ina wino wake maalumu wa kijivu."

"Hiyo," Chizuru akasema.

"Chizu, si tumeshaongea?"

"Mmeongea wewe na mama yako. Mimi nilikuwa naosha vyombo."

Binti yao, Sayo, alizaliwa mwezi Machi. Aliishi usiku mmoja. Na kwetu Japani, nyumba iliyofiwa haitumi salamu za mwaka mpya. Inatuma kadi ya msiba mapema, Desemba haijakolea, kwa maandishi ya kijivu, kana kwamba machozi yamedondokea wino ukapauka. Chizuru alitaka kadi hiyo. Alitaka watu wajue kwamba Sayo alikuwepo. Hakuomba kingine.

Simu ya Tetsuro ikaita. Mama Fumie, mama yake mzazi.

"Mmeshanunua?"

"Bado, Mama. Chizu anataka ya kijivu."

"Mpe simu." Chizuru akapokea, sauti ya mama mkwe ikashuka. "Mwanangu, nisikilize mimi. Mtoto wa usiku mmoja hatangaziwi watu. Utawatia simanzi bure. Hao hawatajwi. Wanaachwa wapite."

"Mama, huyu ana jina."

"Jina ukiacha kulitaja linapotea lenyewe. Nakwambia mimi."

Chizuru akamrudishia mumewe simu.

"Tetsu, mtaje."

"Nani?"

"Unamjua. Tangu Machi hujamtaja hata siku moja. Mtaje hapa hapa, nami nitabeba hiyo ya bei rahisi, nikuchapie farasi wako, ninyamaze mpaka naingia kaburini."

Tetsuro akageuka kusoma bei ya ile ndogo.

"Nilijua," Chizuru akasema. "Usinifuate."

Akashuka zake, akapanda treni ya kwenda kwao Shiogama.

Na yeye Tetsuro, mnadhani alimkimbilia? Thubutu! Alinunua ile ndogo. Wanaume wengine, jamani, ukiwapasua moyo utakuta umejaa risiti. Akaibeba mpaka nyumbani, akaiweka mezani, akatuma ujumbe.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Utarudi lini?"

Hakujibiwa. Kesho yake akatuma tena: "Chizu, nakuomba."

Jumapili mchana akawasha kompyuta atengeneze kadi. Ile programu hutunza kadi ya mwaka uliopita, kazi yako ni kubadilisha mnyama wa mwaka tu. Ikafunguka. Nyoka wa kadi ya mwaka jana, majina yao mawili, na chini yake maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa mbwembwe:

"Machi tunakuwa watatu! Kaeni mkao wa kula!"

Kadi hiyo ilikwenda kwa kila mtu. Wajomba, wenzake wa kazini, hata mwalimu wake wa zamani. Wote waliambiwa mtoto anakuja. Alipoondoka hawakuambiwa, na kwa heshima hakuna aliyeuliza.

Akataka kuufuta ule mstari. Kidole kikagoma. Akalia, mwanaume mzima, kwa kwikwi, peke yake na printa yake mpya.

Alipotulia akaandika maneno ya kadi ya msiba, akachapa. Kijivu kikatoka kijani, kama mboga iliyolala. Akachapa tena, yale yale. Akavaa koti.

Kudo alimkumbuka mara moja.

"Karibu tena, bosi. Rangi nne zimekushinda?"

"Nataka ile ya kijivu. Nione kwanza inavyochapa."

"Hakuna shida. Niandike nini?"

Tetsuro akatoa simu, akampigia mkewe. Chizuru akapokea.

"Chizu, usikate. Sikiliza tu." Akamgeukia Kudo. "Andika Sayo."

"Sayo?"

"Sayo. Ni binti yangu. Alikufa. Anaitwa Sayo."

Sauti ilimpasuka mbele za watu, wakajifanya wanaangalia bei. Kudo hakuuliza zaidi. Akaandika, akaisubiri karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Ndani ya simu mtu alikuwa analia.

"Tetsu..."

"Nipo, mke wangu. Nisamehe."

"Kimetokaje?"

"Kijivu kabisa. Hakina kijani."

Chizuru akavuta pumzi.

"Basi ilete huku. Mama yangu anapika supu ya chewa. Njoo tumchapie wote wawili."

Walichapa mezani kwa wakwe zake Tetsuro, bega kwa bega, wakilia na kupanguza meza kadi zisilowe. Kadi ya kwanza Tetsuro aliiandikia anwani ya Mama Fumie.

"Atakasirika," Chizuru akasema.

"Na akasirike. Ni bibi yake."

Kadi ilipofika, Mama Fumie alipiga simu. Chizuru akaweka sauti ya nje.

"Nimepata kadi yenu."

"Mama, kama tumekukosea..."

"Hiyo mashine yenu bado ina wino?"

"Inao, Mama."

Walimsikia akivuta kiti.

"Kabla ya Tetsuro alikuwepo mmoja. Wa kike. Baba yenu akanikataza nisimtaje. Nikanyamaza mpaka yeye mwenyewe akafa, na mimi bado nimenyamaza tu."

Tetsuro hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake. Akakaa chini sakafuni. Chizuru akamshika bega, huku mkono wa pili ukivuta kadi nyeupe.

"Tunamwandika sasa hivi, Mama. Alikuwa anaitwa nani?"

"Nilimpa jina, mwanangu. Nalitafuta tangu asubuhi. Silioni."