Vyuma Mgongoni mwa Mama

Uligeuza macho. Usinikatalie. Ulikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, ukaona wanawake wanapandishwa kwenye mashine ya kupima mifupa na nguo zao zote, ukajifanya unasoma simu. Leo utatazama.

Fundi cherehani alimleta mama yake siku ambayo foleni ilifika mlango wa choo, na choo kilinuka hadi machozi yakatoka. Binti alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni barabara. Mpimaji wa mifupa alitoa kichwa mlangoni, akamwona, akasahau jina alilotaka kuita.

"Kaka, umepotea?" binti akamtania.

"Nimekwama. Na sitaki kukwamuliwa."

Mama akacheka. "Pima mifupa kwanza, baba. Moyo baadaye."

Akalazwa na nguo zake, mkono wa mashine ukapita juu yake ukinguruma. Majibu yakatoka: mifupa imara kama ya msichana! Mama akarudi nyumbani kifua mbele, na simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitashiba nikikuona, mrembo wa cherehani."

Wakawa wanaonana kila jioni. Fundi akazoea harufu ya dawa kwenye shati la mpimaji, hata akaipenda.

Halafu mama aliinama kuinua ndoo isiyojaa hata nusu, mgongo ukalia ka! Hospitali nyingine ikasema pingili imepondeka. Mifupa ilikwisha kitambo, dawa ilipaswa kuanzwa zamani. Fundi alikuwa akimvua nguo kitandani mkono wake ulipogusa mkanda ambao mama hufunga mgongoni kutuliza maumivu. Ndani yake mna vyuma virefu. Siku ya kipimo hakuna aliyemwambia auvue.

Akapiga simu.

"Vyuma vya mama uliviona?"

Mpimaji akaanza kumuuliza kama amekula.

"Nakuuliza, mwanamume!"

"Niliviona. Vilitokea kwenye kioo cha kompyuta, vyeupe. Mashine ikavihesabu kuwa mfupa."

"Ukanyamaza."

"Mpenzi, chumba cha kuvulia nguo mkuu wetu amekijaza viti vyake vya kukodisha kwenye harusi. Tumeambiwa tupime hivyo hivyo, foleni isogee. Nikisema, nafukuzwa."

"Usiniite mpenzi. Unanitia kichefuchefu."

Akamkatia. Akatapika kwenye beseni la mama, na ile harufu ya dawa aliyoipenda, iliyoganda kwenye nguo zake, ikawa ndiyo inayomsukuma kutapika tena.

Mpimaji alipiga na kupiga, hakupokelewa. Mwishowe akapokea mama.

"Usinililie, baba. Waliokuja baada yangu umewaambia?"

Hakuwa amewaambia.

Asubuhi iliyofuata mpimaji akampigia tena kusema anavitoa viti, na mama akamtuma binti yake: "Nenda ukamwone mwenzio, yuko vitani." Fundi akamkuta koridoni, shati limelowa jasho, anatupa viti nje. Panya walikuwa wamezaa kwenye mito ya viti hivyo. Mkojo wao ulinuka kuliko choo. Mkuu, suti imenyooka, leso puani, alifoka:

"Nani amekuruhusu?"

"Mgongo wa mama mkwe."

Wagonjwa walikodoa macho. Hakuna aliyenyanyuka. Fundi akafunga gauni lake vizuri, akashika kiti kilichofuata.

"Wote niliowapima na nguo nawaita tena," mpimaji akamwambia kwa sauti ya chini. "Nikifukuzwa, utanioa?"

"Hee! Mimi ndiye nikuoe?"

"Mimi sitakuwa na kitu."

"Nitakushonea shati lisilonuka dawa. Lakini mama hatanyooka tena, unalijua hilo. Ukinyamaza mara nyingine, sikujui."

"Sitanyamaza."

"Basi beba, mume wangu. Vimebaki vingi."

Na wewe bado umekaa? Mpigie mama yako sasa hivi, kabla hujaweka hadithi hii chini. Muulize alipimwa amevaa nini: mkanda, zipu, vifungo vya chuma. Kama hawakumvua, mrudishe apimwe upya, na ukikuta chumba cha kuvulia kimejaa viti vya mtu, usiulize ni vya nani. Nyanyuka, shika kimoja, kitoe nje.