DJ wa Kwihara

Hii sikuisikia kwa mpita njia, alinieleza Modesti mwenyewe, DJ wetu wa mtaa wa Ng'ambo. Filamu ikichezwa, yeye huisimulia kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Siku hizi hataki hata kukishika.

Alasiri moja ya mvua alikwenda Kwihara na mkewe Stela kuonyesha filamu ya zamani ya zimwi, ndani ya nyumba kuukuu ya udongo. Madirisha waliyaziba kwa magunia, giza likawa zito. Stela alikaa mbele na watu, Modesti nyuma kabisa, peke yake.

Zimwi lilipoanza kupanda ngazi, watu walinyamaza, ikabaki mvua juu ya bati. Modesti akazima kipaza sauti anywe maji.

"Linasikia mnavyopumua," spika ikasema, kwa sauti ya Modesti.

Stela akacheka. "We Modesti, acha kututisha!"

Chupa ilikuwa bado mdomoni mwa Modesti.

"Sasa DJ wetu anashusha chupa," sauti ikaendelea, taratibu. "Anapapasa swichi, imezimwa."

Stela akageuka kumtazama mumewe. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mkewe ameshakiona kilichosimama nyuma ya DJ," ikasema sauti. "Yeye bado hajageuka."