Mwanafunzi wa Kiti Kitupu

Katika rekodi ile, jibu linasikika kabla ya swali. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyonifaa. Nimewapelekea mafundi sauti wawili wanaoijua kazi yao, na wote wawili wameirudisha kwa neno moja: haikukatwa, haikuunganishwa. Sauti nzito inasema, "Niko tayari. Leta mkono wa kulia." Sekunde tatu baadaye ndipo mwanamke anauliza, "Uko tayari?" Maelezo sijayapata, na nimeacha kuyatafuta.

Mwanamke huyo alikuwa mbunifu wa programu za simu. Kazini walimwita Kalamu, kwa sababu siku zote alikuwa na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa akibuni programu ya kuwasaidia wenye bucha kupokea oda, na hakuwa mtu wa kubuni akiwa amekaa ofisini. Aliwafuata watu kazini kwao, akatazama mikono yao, akauliza kidogo na kunyamaza sana. Kila mahojiano aliyafungua kwa maneno yaleyale: "Hapa wewe ni mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako. Sitakusahihisha. Nionyeshe kazi yako, nami nitafanya kama wewe. Uko tayari?" Kisha alihesabu kumi kimoyomoyo, maana watu hutoa ya moyoni ili kuziba kimya.

Asubuhi hiyo mwenye bucha alikuwa na wateja, akamwomba asubiri chumba cha nyuma. Palikuwa na gogo la kukatia nyama, visu vimetundikwa kwa ukubwa, na kiti kimoja cha mbao kilichoelekezwa ukutani. Kalamu alikigeuza. Akaweka simu juu ya gogo na, ili kupima kama sauti inaingia vizuri, akakiambia kile kiti maneno yake yote, mpaka swali la mwisho. Akahesabu. Kufika saba akasikia harufu ya nywele zinazoungua.

"Unaongea na nani, dada?" Mwenye bucha alikuwa mlangoni, akipangusa mikono.

"Na kiti chako. Kina adabu kuliko mabosi wangu."

Hakucheka. "Umekigeuza wewe?"

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna." Akakirudisha ukutani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Siku nyingine ongea na ukuta, dada yangu."

Simlaumu kwa kuishia hapo. Mgeni aliyekuja na kompyuta ungemwambiaje habari kama hizo?

Kesho yake Kalamu na mdogo wake wa kike, aliyekuwa mchoraji wa programu hiyo, waliisikiliza rekodi ofisini.

"Dada, huyu baba amemeza jenereta?"

"Siye yeye. Alikuwa bado hajaingia."

"Basi ni nani?"

Kalamu alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeokota kisu cha kukatia karatasi, na ulikuwa ukivikata vile vikaratasi vya manjano walivyobandika ukutani, vyenye majina ya sehemu za nyama: paja, mbavu, shingo, paja.

"Acha basi," mdogo wake akanong'ona.

"Siwezi. Siyo mimi."

Saa sita mchana paka wa ofisi alikutwa juu ya meza ya kuchorea. Alikuwa ameachanishwa kiungo kwa kiungo, vipande vimepangwa kwa ukubwa, bila tone la damu pembeni. Kalamu alikuwa ameketi mbele yake akilia, kisu mkononi, na mdogo wake alipomkimbilia ule mkono ukaruka peke yake, ukimburuta mwenyewe nyuma yake kama mbwa anavyoburuta kamba, ukamfungua yule binti kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, ngozi ikafunguka kama mfuko, ukarudi juu, ukapapasa shingo kwa ncha ya kisu ukitafuta mahali pa kuingilia, huku Kalamu akiuuma mkono wake mwenyewe mpaka meno yakagonga mfupa, akipiga kelele kwa mdomo uliojaa damu, "Kimbia, mdogo wangu, kimbia, kinatafuta kiungo!"

Alikimbia. Na ni yeye aliyempigia simu mwenye bucha.

"Jini hilo la kitini nililikuta na duka," mwenye bucha akasema. "Miaka tisa sijaliongelesha, nalo halijanigusa. Mleteni. Mganga nitamtafuta mimi."

Mganga alikuwa bibi mwembamba asiyependa maneno mengi. Asubuhi iliyofuata walimlaza Kalamu chumba cha nyuma cha bucha, mkono umefungwa kwa kamba kwenye gogo. Bibi akasoma, akafukiza, akasoma tena. Harufu ya nywele ikaumeza moshi wake. Ndipo ile sauti ikatoka kinywani mwa Kalamu.

"Sikuja. Nimealikwa. Mwanafunzi amesema hatanisahihisha."

"Hakujua anaongea na nani," bibi akasema kwa upole.

"Aliuliza, akasubiri. Nani mwingine aliwahi kunisubiri? Kukata paka ameshajifunza. Sasa tumefika kwa mtu, na mtu ni yule binti."

Bibi alimrukia Kalamu kifuani. Kamba zilikatika zote kwa pamoja, na kwa pumzi moja bibi alikuwa ukutani, taya limevunjika, meno matatu yametapakaa sakafuni, na mdogo wa Kalamu ameshikwa koo, miguu ikining'inia, uso ukibadilika rangi, mpaka bibi alipopaza sauti kwa mdomo ule uliovunjika, "Chukua ulichopewa! Mkono tu! Mwili uuache!"

Binti akaanguka, akakohoa, akapumua.

"Mkono tu," sauti ikakubali. "Kabla ya adhuhuri."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na hakuna aliyebishana. Bibi akasema mikono yake ni ya kuponya, haiwezi. Mwenye bucha alinyanyua shoka mara mbili, mara mbili akalishusha, akakaa chini akilia kama mtoto. Mdogo wa Kalamu hakuweza hata kulitazama.

"Nipeni," Kalamu akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Alilipokea kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi hata kufungua mlango. Haukutetemeka. Ulipapasa kifundo cha mkono wa kulia, ukaupata uwazi wa kiungo, ukapiga mara moja, bila kugusa mfupa.

Mwenye bucha aliinua kichwa. Katika miaka yake yote ya kazi, yeye mwenyewe hakuwahi kukata safi namna ile.