Mlio wa Pikipiki ya Hafidh

Sikukuu ilikuwa imekaribia, na Chake Chake haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walijazana madukani kutafuta nguo za watoto, viatu na mapazia. Suhail alipenya katikati yao akiwa na shati la buluu lililopauka mabegani na suruali yenye unga wa ngano kwenye magoti. Alikuwa anakwenda kununua pikipiki yake ya kwanza.

Kwa muda mrefu alikuwa akisambaza mikate ya boflo kwa baiskeli kutoka bekari moja ya mjini. Mapaja yake yalivijua vilima vyote vya karibu. Pikipiki ingemfikisha kijiji cha Vitongoji na mbele zaidi, mikate ikiwa bado ya moto.

Nje ya gereji ya fundi Jabir aliikuta imeegeshwa chini ya kivuli cha bati. Ilikuwa nyekundu, kiti kimepasuka, bomba la moshi limefungwa kwa waya. Kando yake alisimama msichana wa baibui jeusi na mtandio wa zambarau, mkono mmoja juu ya usukani, kama mtu aliyeshika bega la mwenzake.

"Samahani dada, hii ndiyo inayouzwa?"

"Ndiyo hii."

"Mbona umeishika kama haiuzwi?"

Msichana akaondoa mkono. "Na wewe unajua kuendesha, au umekuja kuivunja tu?"

"Mie? Tokea skuli."

"Iwashe basi tukuone."

Suhail akaikanyaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pikipiki kimya. Jabir akacheka mpaka spana ikamponyoka.

"Hiyo haitaki ubabe, yakhe!"

"Ibembeleze," akasema msichana. "Ipe mafuta kidogo, kisha kanyaga taratibu. Hivyo. Sasa."

Ikawaka. Ikanguruma, ikakohoa mara mbili, ikatulia kwenye mlio mzito wa kukwaruza. Msichana akageuzia uso barabarani.

"Mwenyewe yuko wapi?" Suhail akauliza kwa furaha. "Napenda kununua kitu kwa mwenyewe, anambie maradhi yake."

Mzee wa kanzu aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akajikohoza. "Mwenyewe keshatangulia mbele ya haki, mwanangu. Msimu uliopita tawi la mkarafuu lilimkatikia. Akiitwa Hafidh. Mie ami yake, Mmanga, na huyu Rahila ni dada yake. Ni mali ya mirathi. Mama yake ana fungu lake, dada ana lake, na mie nina langu. Pikipiki haikatwi vipande."

"Innaa lillahi. Nisamehe, dada. Sikujua."

"Hukujua," akasema Rahila. "Maradhi yake nitakwambia mimi. Asubuhi ya baridi hukataa kuwaka. Ikishuka mlima hukohoa. Na haipendi kuachwa mvuani."

"Nikisahau?"

"Mpigie fundi."

"Fundi nishamzoea. Nimpigie nani mwengine?"

Rahila akamtazama ami yake, aliyekuwa amegeukia kuzungumza na Jabir. Akataja namba haraka haraka, mara moja tu, kama mtu asiyetaka ishikwe. Suhail aliishika. Akambipu hapo hapo.

Baada ya Sikukuu alianza kupeleka boflo Vitongoji kila jioni. Alifunga kreti nyuma, akavaa helmeti inayoziba uso mzima, akateremka kwenye barabara ya mikarafuu kwa furaha ya mtu ambaye miguu yake imepumzika. Hakujua kuwa nyumba iliyo jirani na duka la mwisho ndiyo ya kina Rahila.

Bi Mwanapili, mama yake Rahila, alikuwa jikoni anakuna nazi. Pikipiki ilipokohoa mteremkoni, miguu yake ilinyanyuka kabla ya akili. Akatoka mpaka mlangoni, mikono imejaa nazi, akasimama. Kijana asiyemjua alipita na mikate. Akabaki pale pale mpaka vumbi likalala.

Baada ya sala ya Isha, simu ya Suhail iliita.

"Hallo, mwenye pikipiki?"

"Ndiye mie. Nani mwenzangu?"

"Aliyekwambia haipendi mvua."

"Ah! Na mie nilikuwa naiomba mvua inyeshe, nipate sababu ya kukupigia."

Rahila hakucheka. "Umepita kwetu leo. Mama katoka mpaka mlangoni."

Suhail akakaa kitako. "Kesho nitapita njia nyengine."

"Hakuna njia nyengine."

"Basi nitaizima juu ya mlima, niteremke kimya."

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa.

"Usiizime," akasema Rahila. "Pita kama alivyokuwa akipita yeye."

Ikawa hivyo. Kila jioni Rahila alikwenda dukani kununua mkate, siku nyengine na dera la kijani, siku nyengine na kanga mbili zilizonukia udi. Suhail alikuwa akinyanyua kioo cha helmeti na kuonesha macho tu.

"Leo mikate yako imeungua."

"Imeungua kwa kukuona wewe."

"Mikate ina macho?"

"Haina. Imeazima yangu."

Usiku walizungumza kwenye simu.

"Umekula, habibi?"

"Nimekula boflo."

"Boflo tena! Ukinioa nitakuwa nanuka hamira mpaka kwenye nywele."

"Utanukia, roho yangu. Hamira hainuki, hunukia."

Walicheka. Kisha mazungumzo yaligeukia kwa Hafidh. Hafidh alivyoinunua pikipiki ile kwa jasho la msimu mmoja wa karafuu. Hafidh alivyompakia mama yake kumpeleka hospitali, mama akipiga kelele njia nzima. Suhail alisikiliza. Mwanzoni aliona fahari kuaminiwa hadithi zile. Baadaye akagundua kwamba, akifika dukani, mkono wa Rahila huigusa pikipiki kwanza, ndipo macho yake yanapomtafuta yeye.

Hata hivyo alimpenda. Akapeleka wazee kuposa. Ami Mmanga, aliyekuwa walii wa kumwozesha Rahila, hakuwa na neno. Lakini wazee walipoondoka alimvuta Suhail pembeni.

"Mchumba nitakupa. Ila shemegi yangu, mama yake Rahila, hali chakula. Kila jioni yuko mlangoni, anasikiliza ule mlio. Naogopa utatumalizia mtu."

Maneno yale yalimkaa Suhail moyoni. Akaipeleka pikipiki kwa Jabir, akaagiza bomba jipya, kiti kipya na rangi nyeusi.

"Mwenyewe umemwambia?" Jabir akauliza.

"Mwenyewe si mie?"

"Unajua nani ninayemsema."

"Nataka nimshitukize, afurahi."

Jabir akatikisa kichwa, akachukua spana.

Jioni ile Rahila alisimama dukani akisikiliza mlima. Hakusikia kitu. Pikipiki nyeusi iliteleza mpaka mbele yake kama pumzi, na Suhail akavua helmeti akitabasamu.

"Unaionaje?"

"Ya nani hii?"

"Rahila, ndiyo yenyewe."

Rahila akapitisha mkono juu ya tangi, juu ya kiti, akainama kutazama chini. "Bomba lake liko wapi?"

"Jabir kalitoa. Lilikuwa limekufa." Neno lilikuwa limeshatoka. "Nimefanya kwa ajili ya mama yako. Ami kanambia..."

"Mama kakutuma?"

"Hakunituma."

"Nguo zake tumezitoa sadaka," akasema Rahila, sauti imeshuka. "Simu yake ilivunjikia pale pale chini ya mkarafuu. Nilibakiwa na kitu chake kimoja tu chenye sauti. Na wewe umekwenda kukitupa, hukunambia hata neno."

"Niliinunua niendeshe, Rahila. Ni pikipiki yangu ya kwanza." Alizungumza polepole, kama anayeogopa jibu. "Ukisimama hapa kila jioni, unanisubiri mimi au unamsubiri yeye?"

Rahila akaondoka, hakununua mkate.

Hakupokea simu usiku ule, wala usiku uliofuata. Suhail alirudi gereji kulitafuta bomba. Jabir alishalitoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao walishapakia mzigo wao melini. Aliendelea kupita Vitongoji na mikate, pikipiki haisikiki, uso ndani ya helmeti. Hakugeuza shingo.

Jioni moja Rahila alikuwa ndani anakunja nguo. Nje palikuwa kimya. Akamwona mama yake anajifunga kanga, anatoka jikoni, anakwenda mlangoni na kusimama.

"Mama, hakuna kitu. Pikipiki haina mlio tena."

"Najua. Mie si kiziwi."

"Sasa unatokea nini?"

"Ndiyo saa yake ya kurudi." Bi Mwanapili hakugeuka. "Mlio ukiwepo nitatoka. Usipokuwepo nitatoka. Yule kijana wa watu hajanizidishia wala hajanipunguzia."

Rahila akaziacha nguo, akaenda kukaa kizingitini miguuni pa mama yake. Walikaa mpaka ilipoadhiniwa Magharibi.

Asubuhi Rahila alipanda gari akaenda mjini. Alimkuta Suhail nyuma ya bekari anapanga boflo kwenye kreti, unga mpaka kwenye nyusi.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam." Suhail hakunyanyua macho. "Nimelitafuta lile bomba. Limeshakwenda."

"Sikujia bomba. Nimekuja kukujibu. Nilikuwa nikimsubiri yeye."

Suhail akaliweka kreti chini. Alikuwa akilijua jibu lile, lakini kuambiwa ni jambo jengine.

"Ahsante kwa kunambia kweli."

"Sijamaliza. Siku hizi unapita kimya, na mie nipo chumbani nimefunga dirisha. Lakini harufu ya mikate inaingia, na moyo unanipiga. Hafidh alikuwa akinuka petroli na karafuu, Suhail. Hakuwahi kunuka mkate."

Rahila akaigusa boflo moja kwenye kreti. "Jana nilijaribu kumhadithia mama habari zako, nikakosa la kusema. Sijui hata kama mama yako yuko hai."

"Hayupo. Alikufa nikiwa mdogo. Kanilea bibi, kule Makangale."

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Nilikuwa nangoja. Nikijisemea, akichoka kumzungumza yeye, ataniuliza na mie."

Rahila akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nakuuliza sasa. Bibi alikuwa akikuitaje?"

"Usicheke."

"Sicheki."

"Popo. Kwa sababu nilikuwa nawaogopa. Wakitoka msituni Ngezi jua likichwa, mie nimeshajifunika gubigubi."

Rahila akacheka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio. Suhail hakumgusa. Alisimama karibu yake mpaka kilio kikapita.

"Suhail!" Sauti ilitoka ndani. "Boflo zinapoa huko!"

"Nakuja!" akajibu, asiende.

"Utakuja tena kwetu?" Rahila akauliza.

"Unataka nije?"

"Nataka. Mama hajawahi kukuona uso. Ila pikipiki iwache barabarani, laazizi. Njoo kwa miguu."

Alikwenda Ijumaa, baada ya sala. Msimu mpya ulikuwa umeanza, na kila uwanja ulikuwa na majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Suhail alipita pembeni yake na kanzu nyeupe na kofia ya kiua, viatu vyake vikiingia mchanga. Nyuma ya pazia, Rahila alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

Bi Mwanapili alikuwa barazani anachambua karafuu. Alinyanyua kichwa, akamwona kijana anakuja.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanapili aliutazama uso wake muda mrefu, paji, pua, kidevu, kama mtu anayepekua akitafuta kitu, na hakukiona. Machozi yalimjaa, akayaacha yateremke. Kisha akasogeza ungo wa karafuu, akampisha mkekani.

"Marahaba. Kaa kitako, baba. Sikujui. Wewe mwana wa nani?"

Suhail akavua viatu, akakaa, akaanza kumwambia.